Gita jembamba jipya, la brandi lililotumika, au nene la kuwekea pikapu: uchukue lipi ukiwa Mtwara au Lindi

Mtu ana laki tatu na kidogo mkononi, korosho imelipa au kibubu kimejaa, anataka gita la kuchomeka kwenye spika kanisani au hotelini, na anabaki amekwama kati ya vitu vitatu. Kuna lile jembamba jipya la dukani linalong'aa, la kampuni ambayo jina lake hujawahi kulisikia popote. Kuna jembamba la brandi inayojulikana ila limeshatumika na mtu. Na kuna gita nene la kawaida lisilo na umeme, ambalo unanunua leo halafu pikapu, yaani kile kifaa kinachochukua sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika, unaiweka ukipata hela. Yote matatu yana watu wanaoyasifia na wanaoyaponda, na ukiwasikiliza vizuri utagundua wanagombana bure kwa sababu kila mmoja anapigia sehemu tofauti.

Mimi msimamo wangu ni huu: gita la hivi usilipime kwa namna linavyolia dukani mikononi mwa muuzaji, lipime kwa mahali utakapolipigia. Mengine yote hapa chini yanatoka hapo.

Wembamba wenyewe ni kitu gani

Tunaposema jembamba tunaongelea ubavu, yaani kina cha tumbo la gita kutoka mbele kwenda nyuma. Dredinoti ya kawaida, ile nene yenye mabega mapana, ubavu wake unacheza kwenye sentimita 10 mpaka 12 hivi. Jembamba linakuwa 8 au 9, mengine yanashuka mpaka 7. Mfano wa karibu ni Yamaha, APX600 ambayo ni jembamba ina milimita 80 hadi 90, na FG800 ya kampuni hiyohiyo ambayo ni nene ina milimita 100 hadi 118. Sentimita mbili tatu hizo ndizo zinazoleta ugomvi wote.

Tumbo dogo linabeba hewa kidogo, kwa hiyo besi inapungua, hakuna ujanja. Ukilipiga kavu, yaani bila kulichomeka, chini ya mwembe watu wa mbele wanasikia, wa nyuma wanaona tu mkono unaenda. Lakini sasa sababu hiyohiyo ndiyo inalifanya litulie kwenye spika. Hewa ya ndani ya gita nene ina mtetemo wake wa asili karibu na hezi 100, na noti ya G ya uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo) iko hezi 98, yaani majirani kabisa, ndiyo maana ukikaa mbele ya spika na gita nene ukaigusa hiyo G unasikia muungurumo unaanza wenyewe na fundi mitambo anakukimbilia na macho ya ukali. Jembamba hilo tatizo linalo kidogo sana. Kwa hiyo mtu akikuambia gita jembamba ni la ubora mdogo kwa sababu halina besi, mwambie hicho siyo kasoro, ni chaguo. Kasoro ziko kwingine na tunazifikia sasa hivi.

Jinsi ya kupima, kabla hata hujalinganisha

Nenda na vitu hivi: kadi tatu za benki (mbili za kwako na moja ya kuazima, haijalishi), karatasi ya A4, simu yenye tyuna (programu ya kupimia noti), batri mpya ya mraba ya volti 9, na waya wako mwenyewe wa gita. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae.

Anza na shingo kwa sababu shingo ikiwa mbovu mengine yote ni kupoteza muda. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na freti ya 14 kwa pamoja, halafu angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya sita au ya saba. Inatakiwa nafasi ndogo sana, karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja ipite bila kuusukuma uzi. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti, shingo imepinda kinyume. Kama unaweza kupitisha kidole cha mtoto, imepinda kama upinde, na hapo uulize kama ndani ya shingo kuna ile nondo ya kurekebishia, maana mengine ya bei ya chini sana hayana au imewekwa ya urembo tu, ukiizungusha haisukumi chochote.

Halafu urefu wa nyuzi. Kadi ya benki duniani kote ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu ni kama 2.3. Ziweke juu ya freti ya 12 chini ya uzi wa sita. Zikipita kwa kubana kidogo uko pazuri sana. Ukiweka ya nne na bado inapita kwa raha, nyuzi ziko juu, vidole vitaumia na kodi (noti zinazobanwa kwa pamoja) ya F utaichukia maisha yako yote. Hilo linarekebishika kwa kusugua chini ya ule mfupa mweupe wa darajani (daraja ni kile kibao cha tumboni kinachoshikilia nyuzi), ila kumbuka hesabu yake: kushusha milimita moja kwenye freti ya 12 unasugua milimita mbili za mfupa. Sasa kama mfupa umechomoza milimita mbili tu juu ya mbao, hakuna cha kusugua, hilo gita limefika mwisho wake hata kama linang'aa vipi.

Kisha usahihi wa noti. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, uache ulie ile sauti ya kengele, tyuni mpaka sindano ya simu ikae katikati. Bonyeza freti hiyohiyo ya 12, upige. Ikipanda senti mbili tatu (senti za tyuna, mia moja ni hatua ya freti moja) siyo neno, ikipanda zaidi ya kumi ujue kila kodi ya juu itakuwa inapishana na kinanda. Nyuzi zikiwa juu mno nazo husababisha hii, kwa hiyo usilihukumu kabla ya kuangalia urefu.

Daraja: chukua kona ya A4 ujaribu kuichomeka kati ya daraja na mbao pande zote. Ikiingia hata kidogo gundi imeanza kuachia. Inama uangalie mbao nyuma ya daraja kwa pembeni, kijitumbo kidogo ni kawaida, kikizidi mpaka daraja linainama mbele, achana nalo.

Ncha za freti: pitisha kiganja pembeni mwa shingo yote. Zikikwangua, ubao wa shingo umekauka ukasinyaa na vyuma vimebaki vimechomoza.

Na mwisho umeme, ambao watu wengi hawaupimi kabisa dukani, wanapiga gita kavu, wanalipa, wanaondoka. Lazima uchomeke. Weka batri yako mpya, weka ikwalaiza zote (vinobu vya besi, sauti ya kati na ya juu) katikati, piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile kuanzia wa sita mpaka wa kwanza, ukisikiliza spikani tu. Pikapu za aina hii nyingi ni kijifimbo au utepe wa piezo (kitu kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) uliolala chini ya ule mfupa wa darajani, na kama sehemu ulipokaa haikunyooka, uzi mmoja au miwili itakuwa imezama, mara nyingi wa kwanza au wa pili. Tikisa jeki, ichezeshe kulia kushoto, isikwaruze. Zungusha kila kinobu. Kaa mbele ya spika ongeza sauti uone linaanza kuunguruma saa ngapi. Hii sehemu ya mwisho ndiyo mtihani wenyewe wa gita jembamba, mengine yalikuwa maandalizi.

Sasa tuyaweke mezani, kila moja kwa vichwa vilevile.

La kwanza: jembamba jipya la dukani lisilo na jina

Likipigwa kavu. Dogo, kali kidogo juu, besi unaitafuta. La mbele karibu kila mara ni plaiwudi. Ukitaka kuhakikisha angalia ukingo wa tundu: ukiona mistari ya mbao inashuka kutoka juu mpaka ndani bila kukatika ni mbao moja, ukiona matabaka kama ya sandwichi, au ukingo umepakwa rangi nyeusi usione kitu, ni plaiwudi. Kwa kufanyia mazoezi chumbani usiku wenzako wamelala, ule udogo wa sauti ni baraka.

Likiwa kwenye spika. Hapa ndipo linapowashangaza watu. Plaiwudi haitetemeki sana, tumbo ni jembamba, kwa hiyo linavumilia sauti kubwa bila kuunguruma, na ukiwa na besi na kinanda kwenye bendi ile besi iliyokosekana wala huikumbuki. Shida yake ni ile sauti ya plastiki, ule mlio wa "kwak" ukichapa nyuzi kwa nguvu, ambao ni ugonjwa wa piezo zote ila za bei ndogo zimezidi. Punguza kinobu cha sauti ya kati, usiongeze ya juu, utaona inalainika. Na hayo matatizo ya uzi mmoja kuzama ndiyo mengi kwenye kundi hili.

Shingo na mkono. Bahati nasibu. Magita mawili yaliyotoka boksi moja yanaweza kuwa tofauti kabisa, la kwanza kadi tatu zinakaa vizuri, la pili nne zinapita. Ndiyo maana usikubali kuchukuliwa la stoo lililofungwa baada ya kujaribu la ukutani, lile ulilolijaribu ndilo ulibebe. Ncha za freti ndizo zinazokera zaidi. Ubao wa shingo mweusi tii nao usikudanganye, futa na kitambaa cheupe chenye unyevu, ukitoka mweusi ni rangi. (Inachekesha kidogo, tunaishi kwenye misitu ya mpingo ya Kilwa na Nachingwea, mbao ambayo inapelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti na obo, halafu tunauziwa ubao uliopakwa rangi ufanane na mbao nyeusi.)

Hewa yetu. Plaiwudi inavumilia unyevunyevu kuliko mbao moja, hilo ni kweli na siyo maneno ya muuzaji. Kinachokufa haraka ni vyuma: vikazio vya kichwani, skrubu, jeki. Kwa anayeishi Mikindani au Shangani karibu na maji, chumvi inakula vile vyuma vya bei rahisi ndani ya msimu mmoja tu usipovifuta.

Likiharibika. Watu hawaamini nikiwaambia hili, lakini hapa lisilo na jina linaipiku brandi. Priampu zake (kile kisanduku cha ubavuni chenye vinobu, kinachokuza sauti ya pikapu) nyingi ni zile za kawaida za Kichina zinazouzwa peke yake, tundu la ubavuni vipimo vinafanana, inachomolewa inawekwa nyingine na fundi redio yeyote anayejua kushika kifaa cha lehemu. Pima tundu tu kabla ya kuagiza.

Pesa. Linaingia kwenye bajeti na chenji inabaki ya nyuzi, waya na begi. Kuliuza tena ndiyo utaumia.

Linamfaa anayeanza ambaye tayari ana sehemu ya kupigia yenye spika, kwaya inayotaka gita la kuachwa kanisani likashikwa na kila mtu, na anayebebwa na bodaboda kila wiki kwenda mazoezini maana jembamba mgongoni halisumbui abiria wala dereva.

La pili: jembamba la brandi lililotumika

Hapa naongelea vitu kama familia ya APX ya Yamaha, ambayo iko sokoni tangu miaka ya 1980 kwa hiyo mengi yamezunguka, au AEG za Ibanez, na wengine wa daraja hilo.

Likipigwa kavu. Bado ni jembamba, usitegemee miujiza, jina halijazi hewa. Ila limechongwa kwa uangalifu zaidi ndani, mihimili ni myepesi, na ile besi ndogo iliyopo inasikika kama besi badala ya kishindo.

Likiwa kwenye spika. Nyuzi zote sita zinalingana, na hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu alipe zaidi. Ikwalaiza zake ukizungusha kidogo unasikia kidogo, ukizungusha sana unasikia sana, siyo kama zile za bei rahisi ambazo kinobu kizima kinafanya kazi kwenye robo ya mwisho tu. Tyuna ya ubavuni inasoma uzi moja kwa moja kupitia pikapu, kwa hiyo hata watu wakiwa wanaimba unatyuni kimyakimya, wakati simu ingechanganyikiwa na kelele. Lakini kumbuka limetumika! Piezo inazeeka, waya wa ndani unalegea, na jasho la mpigaji wa miaka yote limeingia kwenye jeki. Lisilochomekwa mbele yako usilinunue hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake mzazi.

Shingo na mkono. Kwangu hapa ndipo linaposhinda wazi. APX600 kwa mfano urefu wa uzi kutoka kichwani mpaka darajani ni milimita 634, wakati gita nene la kawaida ni kama 650, na ufupi huo unapunguza mvuto wa nyuzi kwa hiyo vidole vinapumua. Freti zimesuguliwa, kona zake laini. Kwenye lililotumika angalia mashimo chini ya uzi wa kwanza mpaka wa tatu kwenye freti za mwanzoni, pale watu wanapobana kodi za C na G na D miaka nenda rudi. Vijimstari vidogo siyo kitu. Bonde ambalo ukucha unazama, ujue hela ya freti mpya inakungoja, na kazi hiyo huku kwetu wanaoijua ni wachache.

Hewa yetu. Inategemea lilikuwa linakaa wapi. Lililotunzwa Newala au Masasi juu huko, ukalishusha Lindi mjini, litavimba kidogo, nyuzi zitapanda, lipe wiki kadhaa kabla ya kulirekebisha. Watengenezaji wengi wanapenda gita likae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 na pwani yetu kuanzia Desemba mpaka Aprili inaupita huo bila kuuliza. Ya zamani mengi ubao wa shingo ni wa rosewood halisi, ambayo inastahimili vizuri. Mapya mengi walibadili kwenda walnati na mbao nyingine kwa sababu mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliweka masharti kwenye jamii nzima ya mbao hizo, mpingo wetu ukiwemo, mpaka mwishoni mwa 2019 ndipo vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa. Kwa hiyo ukiona APX ya zamani na mpya zina ubao wa rangi tofauti usidhani moja ni feki.

Feki zipo lakini. Angalia karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu, jina la modeli liendane na umbo, namba iwepo. Nembo ya kichwani iliyobandikwa kama stika, unayoisikia kwa ukucha, itilie shaka.

Likiharibika. Priampu zake zina umbo lake, huwezi kuchomeka ile ya Kichina ya kawaida bila kupanua tundu au kuziba. Spea ni kuagiza na kusubiri. Brandi inaharibika mara chache, ila siku ikiharibika inauma.

Pesa. Kwa hela ileile unapata gita zuri zaidi lenye umri. Na ukilichoka unaliuza karibu na bei uliyonunua, jina linakulinda.

Linamfaa anayepiga mara kwa mara mbele za watu, mwenye subira ya kusubiri mzigo mzuri utokee, na mwenye rafiki anayejua gita wa kwenda naye. Kama huna huyo rafiki na wewe mwenyewe hujui kushika kodi tatu, hili ni kundi la hatari zaidi kati ya yote matatu.

La tatu: gita nene lisilo na umeme, pikapu baadaye

Likipigwa kavu. Hakuna mjadala, linayaacha mengine mbali. Kwa hela ambayo jembamba la dukani limegawana kati ya mbao, priampu, tyuna na jeki, hapa yote imeenda kwenye mbao. Wakati mwingine unapata hadi la mbele la mbao moja ya sprusi, ambayo wapigaji wengi wanasema inazidi kufunguka kadiri unavyolipiga. Jumuiya, kipaimara, msiba, mkesha umeme umekatika, jenereta imegoma, wewe unaendelea.

Likiwa kwenye spika. Hapa inategemea utaweka nini, na watu wanadanganyika sana. Kuna pikapu ya sumaku inayobana kwenye tundu, inatulia kwenye sauti kubwa, ila sauti yake inaelekea gita la umeme na haifanyi kazi kabisa kwenye nyuzi za nailoni. Kuna kile kidude cha piezo cha kubandika, sauti yake ni ya mbao zaidi, lakini kinasikia kila kitu, kucha, mkono wa shati, pumzi karibu. Piezo isiyo na priampu ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida inatoa sauti nyembamba ya kibati kwa sababu inahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, tafuta mikisa yenye kitufe cha gita au nunua kisanduku cha priampu katikati, na hiyo ni hela nyingine ambayo hukuipigia hesabu. Na muungurumo wa hezi 100 uleule unakusubiri. Kizibo cha mpira cha tundu kinasaidia sana, ni kitu cha bei ndogo, kipate.

Shingo na mkono. Nyuzi mara nyingi zinakuja za unene wa namba 12, zinavuta, vidole vya mwanzo vinalia. Unaweza kuweka za 10 au 11 zikalainika, ila baada ya kubadili angalia tena shingo kwa ile karatasi. Kwa mtu mdogo wa mwili au mtoto wa sekondari, mkono wa kulia unapanda juu ya lile tumbo na bega linachoka, hili watu wa duka hawalisemi. Kaa nalo dakika kumi, usisimame nalo mbili ukasema sawa.

Hewa yetu. Kama ni mbao moja ndiyo linaloteseka kuliko yote. Masika linavimba tumbo, nyuzi zinapanda, kiangazi zinashuka na kuanza kugongagonga freti. Ukilinunua Oktoba minada ya korosho imeanza na hewa bado kavu, likarekebishwa kadi tatu kamili, Februari usishangae kadi ya nne inapita, halijaharibika. Lirudi kwenye begi ukimaliza kupiga, usilitundike ukutani upande wa bahari.

Likiharibika. Halina cha kuharibika zaidi ya mbao na gundi. Mfupa wa darajani ukiisha, mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukakauka vizuri unafaa kabisa, na fundi mwenye mkono wa kuchonga vinyago, ambao mkoa huu hauna uhaba nao, anaweza kukutolea kwa kipimo ukimpa wa zamani aufuatishe. Mwambie tu chini uwe umenyooka kabisa.

Pesa. Unalipa kidogo kidogo, ila ukijumlisha gita, pikapu, kisanduku na kizibo unaweza kujikuta umeipita bei ya jembamba la brandi. Piga hesabu yote kwanza.

Linamfaa anayejifunza nyumbani, anayepiga zaidi sehemu zisizo na umeme, na anayetaka kurekodi na maiki, maana kwenye maiki nzuri chumba kimya gita hili linatoa kitu ambacho piezo haitoi.

Ukiwa kwenye hali hii, fanya hivi

Kama unapiga kanisani kila Jumapili na spika za wapigaji kujisikilizia ziko miguuni mwako, chukua jembamba. Jipya au lililotumika itaamuliwa na kama una mtu wa kulikagua.

Kama wewe ndiye gita pekee, hakuna besi wala kinanda, jembamba litakuonesha mapungufu yake yote, hasa kwenye ukumbi mdogo wa hoteli ambapo watu wanasikia kila kitu. Nene lenye pikapu, au jembamba la brandi lenye ikwalaiza nzuri ambapo unapandisha besi kidogo.

Kama uko kijijini kwenye umeme wa mashaka, Nanyamba huko au ndani ya Liwale, nene. Kama kwaya inasafirisafiri kwa fuso na vyombo vimerundikwa, jembamba la plaiwudi la dukani, na mtu mzima mmoja apewe dhamana ya kulibeba.

Kama ni mtoto wako anaanza na hujui ataendelea au ataacha, angalia mwili wake kwanza. Mdogo, jembamba. Mkubwa na hamna spika nyumbani, nene, halafu pikapu iwe zawadi akifika mahali.

Ukishachagua jembamba lolote, chomoa waya ukimaliza kupiga, maana kwenye mengi jeki ndiyo swichi, waya ukilala ndani batri inalala njaa. Toa batri kabisa kama gita litakaa miezi bila kupigwa, joto la huku linaifanya ivujishe na maji yake yanakula chemba yote. Nyuzi zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, au nunua zile zenye utando, ghali kidogo ila karibu na bahari zinarudisha hela.

Na kama huku hujapata unaagiza Dar, mwambie muuzaji akutumie video gita likiwa limechomekwa, apige uzi mmoja mmoja taratibu wa sita mpaka wa kwanza bila kuimba juu yake, halafu aoneshe kadi tatu kwenye freti ya 12. Akikataa tafuta mwingine, Kariakoo ni kubwa. Alegeze nyuzi kidogo kabla ya kufunga, asizitoe kabisa, azungushie nguo shingoni na kichwani, na umwombe kondakta lisikae kwenye buti juu ya injini, maana gundi ya daraja ikipata joto la safari nzima ya karibu kilomita 560 inalainika huku nyuzi zinavuta. Msimu wa mvua usiagize la shughuli ya wiki hiyohiyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga na barabara ya Dar ikakatika Somanga, mizigo ilisimama, harusi hazikusimama. Likifika lifungue palepale stendi mbele ya wakala kabla hujasaini, anza na kona ya A4 kwenye daraja.